Sandarusi mbele ya Mizani ya Maabara: Utomvu wa Pwani na Ushahidi wa Wanakemia

Katika orodha ya bidhaa zilizoipatia pwani ya Afrika Mashariki jina lake katika masoko ya dunia, pembe za ndovu na karafuu ndizo zinazotajwa kwanza, na mara nyingi orodha huishia hapo. Sandarusi husahauliwa. Hata hivyo, katika karne ya 19 utomvu huu mgumu, wenye rangi ya asali, ulikuwa miongoni mwa mazao makuu yaliyopakiwa katika majahazi na merikebu bandarini Unguja. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliyejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, anaeleza mwanzoni mwa tawasifu yake aliyoiandika kwa Kiswahili kwamba alipokuwa na umri wa miaka 12 alianza safari za karibu, na bidhaa aliyoifuata ilikuwa sandarusi. Msomaji wa tawasifu hiyo huipita sentensi hiyo haraka ili afike Manyema na Kongo. Ni haki yake. Lakini sandarusi nayo ina safari zake, na baadhi ya safari hizo ni ndefu kuliko za Tippu Tip.

Sababu ya kuirudia sandarusi leo si biashara yake, ambayo imekwisha kuchunguzwa na wanahistoria kadhaa. Sababu ni kwamba katika kipindi cha miongo michache iliyopita sandarusi imegeuka kuwa shahidi. Wanakemia wameikuta mahali ambapo hakuna aliyeitarajia, nao wanahistoria wa pwani wamelazimika kuamua wausadiki ushahidi huo kwa kiasi gani. Mashine ya maabara inapotoa jibu kwamba kipande fulani ni sandarusi ya Zanzibar, imesema nini hasa? Mhadhara huu unatetea jibu moja: maabara inaujua mti, lakini haiijui bandari. Anayetaka kuijua bandari hana budi kurudi kwenye maneno, kwenye hati za wafanyabiashara na kwenye ujuzi wa wachimbaji, na huko nako hatakosa mitego.

Yafaa kuanza na maneno yenyewe. Neno sandarusi limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, nacho Kiarabu kililipata kutoka Kiyunani. Katika safari hiyo ndefu neno halikubaki na kitu kimoja. Katika nchi za Mediterania jina hilohilo, kwa matamshi yanayokaribiana, lilitumika kwa utomvu wa mti mwingine kabisa, Tetraclinis articulata, unaoota Moroko na nchi jirani, nao ni wa jamii moja na mtarakwa. Msandarusi wa pwani yetu, ambao wanabotania waliuita kwanza Trachylobium verrucosum na sasa huuita Hymenaea verrucosa, ni wa jamii ya mikunde na una udugu na mkwaju. Kwa hiyo, mtafiti anayelikuta neno sandarusi katika maandishi ya zamani ya Kiarabu hawezi kudai papo hapo kwamba ameikuta Afrika Mashariki. Huenda ameikuta Moroko.

Jina la Kizungu nalo halisaidii. Neno kopali limetoka Meksiko, katika lugha ya Kinahuatl, ambako lilimaanisha utomvu wa kufukizia. Wazungu walilichukua na kuubandika kila utomvu mgumu waliouona, uwe wa Amerika, wa Kongo, wa Manila au wa Uzaramo. Hivyo zao moja la pwani likawa na jina la Kiyunani lililopitia Uarabuni na jina la Kimeksiko lililopitia Hispania, na hakuna hata moja kati ya majina hayo linalomwambia mtu zao limeota wapi. Kiswahili kimekuwa makini zaidi katika jambo jingine linalohusiana na hili: kimetenganisha ambari, itokayo kwa nyangumi na kuokotwa ufukweni, na kaharabu, ambayo ni utomvu wa kale uliogeuka jiwe. Lugha kadhaa za Ulaya zimevichanganya vitu hivi viwili kwa karne nyingi.

Tofauti muhimu kuliko zote, hata hivyo, ni ile waliyoiweka wachimbaji na wachuuzi wa Mrima. Richard Burton, aliyesafiri bara kati ya 1857 na 1859 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1860, aliandika habari ndefu kuhusu sandarusi. Burton hakuwa mtu wa kuwasifu wenyeji, na kurasa zake zimejaa dharau. Lakini alikuwa na sikio la lugha, na alilinukuu jambo alilolisikia. Utomvu mbichi, uliotoka mtini au uliofukiwa kwa kina kifupi tu, uliitwa chakazi. Ulikuwa laini na wa bei ndogo, na soko lake lilikuwa Bara Hindi na Uchina. Utomvu uliokaa ardhini muda mrefu hadi ukakomaa ndio uliostahili kuitwa sandarusi hasa. Wafanyabiashara wa Kiingereza walishindwa kulitamka neno chakazi, wakaligeuza kuwa neno la lugha yao lenye maana ya punda dume, na kwa jina hilo la mzaha bidhaa hiyo iliandikwa katika vitabu vya biashara kwa miaka mingi.

Alama ya sandarusi iliyokomaa ilikuwa ngozi yake. Kipande kilipotolewa udongoni kilikuwa kimefunikwa na ganda lisilo na mwanga. Kilipooshwa kwa maji ya magadi na kupigwa brashi, ganda lilitoka na uso wake ukaonekana umejaa vipele vidogo vidogo, kama ngozi ya bata aliyenyonyolewa. Chakazi haina vipele hivyo. Mnunuzi aliyekaa dukani Unguja, na hata mwenzake aliyekuwa Salem katika jimbo la Massachusetts, alihukumu mali kwa kuitazama ngozi hiyo.

Salem inastahili kutajwa. Baada ya mkataba wa 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani, na kufika kwa balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, mwaka 1837, merikebu za Salem zilileta kitambaa ambacho mpaka leo Waswahili hukiita merikani, zikarudi na pembe, ngozi na sandarusi. Huko sandarusi ilioshwa, ikachaguliwa na kuuzwa kwa watengenezaji wa vanishi. Hawa waliiyeyusha kwa moto mkali sana, wakaichanganya na mafuta ya kitani, na mchanganyiko huo ukapakwa katika magari ya farasi, samani na milango. Katika hesabu zao sandarusi ya pwani hii ilikuwa miongoni mwa kopali ngumu kuliko zote na ndiyo iliyotoa mng'aro wa kudumu. Ustadi huo ulikwisha pale viwanda vilipoanza kutengeneza utomvu wa bandia katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Kemia iliyokuja baadaye kuitambua sandarusi kama shahidi ndiyo kwanza iliyoiondoa sokoni.

Mwanzo wa sayansi ya kuutambua utomvu wa kale hauko Afrika, bali uko katika duka la dawa. Otto Helm alikuwa mfamasia wa mji wa Danzig, pwani ya Bahari ya Baltiki, ambako kaharabu huokotwa. Heinrich Schliemann alipofukua makaburi ya Mycenae nchini Ugiriki na kukuta shanga za kaharabu, swali likazuka: je, shanga hizo zilitoka kaskazini ya mbali, au zilitengenezwa kwa utomvu wa karibu? Helm alizichunguza na kutoa jibu lake mwaka 1885. Alijua, kama wafamasia waliomtangulia walivyojua, kwamba kaharabu ya Baltiki ikichomwa katika chombo kilichofungwa hutoa asidi suksiniki, na alikuwa amepima kiasi chake kuwa kati ya asilimia 3 na 8. Shanga za Mycenae zilitoa asidi hiyo. Basi, alisema Helm, zimetoka Baltiki.

Hoja ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa na ufa. Kuwepo kwa asidi suksiniki hakutoshi ikiwa utomvu mwingine nao unaweza kuwa nayo, na baadaye ilionekana kwamba kweli unaweza. Aidha, njia ya Helm ilidai gramu nyingi za mali ya kale ziteketezwe ili zijibu swali. Mhifadhi gani wa makumbusho angekubali?

Ufa huo ulizibwa mwaka 1964, pale Curt Beck wa Chuo cha Vassar, katika jimbo la New York, pamoja na wenzake walipotangaza njia ya kutumia miale ya infraredi. Msingi wake unaeleweka bila hesabu. Atomi zilizoungana katika molekuli hazitulii. Hutikisika, na kila aina ya kiungo ina mtikisiko wake, kama kila uzi wa zeze ulivyo na sauti yake. Miale ya infraredi inapopita katika unga wa utomvu, kila kiungo humeza sehemu ya miale inayolingana na mtikisiko wake. Mashine huchora mstari wenye mabonde mahali palipomezwa. Mchoro wa kaharabu ya Baltiki una kipande bapa kinachofanana na bega, kati ya namba 1250 na 1150 katika kipimo cha mashine hiyo, na bega hilo halionekani katika utomvu mwingine. Kinachohitajika ni chembe ya miligramu chache tu. Beck na wenzake walichora maelfu ya michoro ya vitu kutoka makumbusho ya Ulaya, na hoja ya Helm kuhusu Mycenae ikathibitishwa kwa njia bora kuliko aliyoitumia mwenyewe.

Sandarusi haina bega hilo. Ina bonde jingine, karibu na namba 890, linalotokana na aina fulani ya kiungo cha kaboni kwa kaboni kilichoko ukingoni mwa molekuli. Bonde hilo huwa na kina kirefu katika utomvu mchanga, nalo hupungua kadiri utomvu unavyozeeka na kugumu. Kwa hiyo mchoro wa infraredi humwambia mchunguzi mambo mawili kwa mara moja: utomvu huu ni wa ukoo gani, na je, ni mchanga au umekomaa. Kwa namna yake ni kile alichokifanya mnunuzi wa Unguja kwa kutazama ngozi ya bata.

Njia ya pili, inayounganisha kromatografia ya gesi na spektrometa ya masi, haitazami utomvu kwa ujumla bali huuchambua kipande kwa kipande. Sehemu ya utomvu huyeyushwa katika kimiminika, kisha hugeuzwa mvuke na kusukumwa na gesi ndani ya mrija mwembamba wenye urefu wa makumi ya mita. Molekuli zisizoshikwa na ukuta wa mrija hutoka mapema. Zile zinazoshikwa huchelewa. Kila moja inapotoka hupigwa kwa elektroni, huvunjika, na vipande vyake hupimwa uzito. Jinsi molekuli inavyovunjika ni alama yake, kama ilivyo alama ya dole gumba. Viwanda vya dawa hutegemea mashine za aina hii kuhakikisha kwamba kilichomo katika malighafi ndicho kilichoandikwa, na maabara za serikali huzitumia kuchunguza sumu. Utomvu wa kale umefaidika na vyombo ambavyo havikubuniwa kwa ajili yake.

Kwa utomvu, faida kubwa ya njia hii ni kutofautisha koo ambazo macho na pua huzichanganya. Ubani wa Uarabuni na Pembe ya Afrika una asidi za bosweliki, ambazo ni molekuli za kundi lenye kaboni 30. Sandarusi ni ya kundi lenye kaboni 20. Miongoni mwa asidi zake imo asidi oziki na imo nyingine ambayo wanakemia wa Ufaransa walioupembua utomvu wa msandarusi katika miaka ya 1960 waliijua kwa jina la asidi zanzibariki. Ni jambo la kupendeza kwamba kisiwa hiki kina molekuli yenye jina lake, ingawa, kama itakavyoonekana, jina hilo nalo lina kasoro ileile ya majina mengine yote ya sandarusi.

Mwaka 1991 Carol Meyer, Joan Todd na Curt Beck walichapisha katika jarida moja la utafiti wa Mashariki ya Karibu makala kuhusu kidani kimoja. Kidani hicho kilikuwa kimefukuliwa katika miaka ya 1930 na wanaakiolojia wa Chicago huko Tell Asmar nchini Iraki, mahali palipokuwa na mji wa kale wa Eshnunna. Tabaka kilimopatikana lilikadiriwa kuwa la kati ya 2500 na 2400 KK. Mchoro wa infraredi ulionyesha kwamba hakikuwa kaharabu ya Baltiki. Kilikuwa sandarusi ya Afrika Mashariki. Kichwa cha makala yao kilitaja Zanzibar waziwazi na kuiunganisha na milima ya Zagros.

Uzito wa habari hiyo ni mkubwa. Kitabu cha mabaharia wa Kiyunani cha karne ya 1 BK, ambacho ndicho maandishi ya zamani kabisa yanayoieleza pwani yetu kwa kina, kinataja pembe za ndovu, pembe za vifaru na magamba ya kasa miongoni mwa bidhaa za Rhapta. Sandarusi hakiitaji. Kidani cha Eshnunna kinasogeza mawasiliano nyuma kwa zaidi ya miaka 2400 kabla ya kitabu hicho. Kwa wale ambao kwa muda mrefu wametetea kwamba pwani ilikuwa na biashara na uhusiano wa nje karne nyingi kabla ya Uislamu, kama alivyofanya Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushahidi wa uchimbaji wake Rufiji na Mafia, kidani hicho ni kishawishi kikubwa. Na kishawishi hakina budi kuchunguzwa kabla ya kukubaliwa, hasa kinapopendeza.

Je, mashine ilikosea ukoo? Si rahisi. Wapo ndugu wa msandarusi ng'ambo ya Atlantiki: jenasi ya Hymenaea ina spishi nyingi katika Amerika ya kitropiki, na kaharabu ya Jamhuri ya Dominika ni utomvu wa spishi iliyotoweka, Hymenaea protera, ambayo George Poinar aliitambulisha mwaka 1991 na ambayo maua yake yanaukaribia mti wa Afrika kuliko miti ya Amerika. Kwa kemia peke yake, mtu angeweza kubishana kama kidani ni cha Afrika au cha Karibi. Lakini hakuna atakayedai kwamba mtu wa Eshnunna alipata mali ya Karibi katika milenia ya 3 KK. Hapa historia ndiyo iliyoisaidia kemia kufikia jibu. Wanaodhani kwamba sayansi za maabara hutoa hukumu bila msaada wa masomo ya binadamu wangefaa kulitafakari jambo hili.

Tatizo liko kwingine. Hymenaea verrucosa ni spishi pekee ya jenasi hiyo barani Afrika, na huota katika pwani za Kenya, Tanzania na Msumbiji, katika visiwa vya karibu, na Madagaska. Mchoro unasema mti. Hausemi Unguja. Kwa nini basi jina la Zanzibar lilitangulia? Kwa sababu sampuli zilizohifadhiwa katika makabati ya Ulaya na Marekani, ambazo wachunguzi walizilinganisha na vitu vya kale, zilikusanywa katika enzi ya biashara ya karne ya 19, na ziliandikwa jina la mahali zilikopakiwa. Sehemu kubwa ya sandarusi ya Zanzibar haikuchimbwa Zanzibar. Ilichimbwa Uzaramo, bonde la Rufiji na nyuma ya Kilwa na Lindi, na watu waliokuwa na majembe na vijiti vya kuchimbia, kisha ikavushwa bahari. Ilipofika Bombay na kupakiwa upya, wanunuzi wa London waliiita kopali ya Bombay. Ile iliyooshwa Salem iliitwa kopali ya Salem. Hakuna msandarusi ulioota Salem. Anayecheka majina hayo mawili akumbuke kwamba jina la tatu, lililo la heshima zaidi, limepatikana kwa njia hiyohiyo.

John Kirk, daktari na mwanabotania aliyefika Unguja mwaka 1866 na kuwa mwakilishi wa Uingereza, alilitambua tatizo hili mapema kuliko wengi. Alikuwa akipeleka mimea katika bustani ya Kew, na katika maandiko yake ya miaka ya 1860 na 1870 kuhusu sandarusi alijitahidi kuufungamanisha utomvu na mti ulio hai, akitetea kwamba ile ya mtini na ile ya ardhini ni mazao ya aina moja ya mti. Lakini hata sampuli iliyokusanywa kwa uangalifu hufika kabatini bila kisima ilimochimbwa na bila jina la mchimbaji. Kabati la kemia limerithi jiografia ya forodha.

Kuna pia pengo la miaka. Kati ya kidani cha Eshnunna na miji ya kale ya pwani iliyofukuliwa, ambayo ni ya milenia ya 1 BK, kuna takriban miaka 3000. Kipande kimoja kinaweza kupita mikono mingi bila biashara ya moja kwa moja, na kinaweza pia kuokotwa ufukweni na baharia mmoja aliyepotea njia. Kidani kimoja ni jambo la kweli. Hakijawa historia ya biashara, na hakiwezi kuwa hivyo mpaka kipatiwe wenzake.

Ushahidi wa pili una sura tofauti kabisa. Unguja Ukuu, kusini mwa kisiwa, ni bandari ya kale iliyofukuliwa kwa awamu kadhaa, miongoni mwao uchimbaji wa Abdurahman Juma, ambaye utafiti wake ulichapishwa mwaka 2004. Vyombo vya udongo vya Ghuba ya Uajemi na vitu vingine vya nje vinaonyesha kwamba wakazi wake walifanya biashara ya mbali. Mwaka 2015 Alison Crowther na wenzake walitangaza matokeo ya uchunguzi wa mabaki ya utomvu uliochomwa, ya karne ya 7 au ya 8 BK. Mtu yeyote anayeijua pwani, na kuzoea harufu ya ubani na udi katika nyumba zake, angekisia kwamba katika mji uliofungamana hivyo na Uarabuni mafusho yalikuwa ubani wa ng'ambo. Molekuli zilisema vingine. Ulikuwa utomvu wa msandarusi.

Matokeo haya hayana mshangao wa kidani, na pengine ndiyo maana hayakuzungumzwa sana nje ya duru za wataalamu. Lakini yana uzito zaidi, kwa kuwa mahali yalipopatikana panajulikana, umri wake unalingana na vitu vilivyokuwa kando yake, na mti unaohusika unaota katika eneo hilohilo. Hapa kemia haikulazimika kuvuka bahari ili ikamilishe hoja. Tena yanagusa jambo ambalo lina historia ya uchungu katika taaluma za Kiswahili. Kwa miongo mingi kila kilichokuwa kizuri katika miji ya pwani kilihesabiwa kuwa kimeletwa: mawe, misikiti, hata desturi za nyumbani. Wakazi wa Unguja Ukuu, walioweza kununua vyombo vya Ghuba, walifukiza utomvu wa misitu yao wenyewe. Desturi ya kufukiza huenda waliishiriki na watu wa ng'ambo; kilichotiwa motoni kilikuwa cha hapa.

Kisichojulikana kutokana na mabaki hayo ni kingi, na wachunguzi hawakukificha. Molekuli haisemi kama moshi ule ulikuwa wa ibada, wa dawa, wa harusi au wa kufukuza mbu. Haisemi kama sandarusi hiyo ilikuwa pia inauzwa ng'ambo wakati huo. Wala haisemi waliifukiza kwa jina gani. Neno sandarusi lenyewe, likiwa la Kiarabu, huenda lilifika baadaye na kulifunika neno lililotangulia. Hapo kazi ni ya wanaisimu, si ya mrija wa kromatografia.

Limebaki suala la umri, ambalo limewasumbua wanasayansi wenyewe. Wazungu wa karne ya 19 waliiita sandarusi ya ardhini kisukuku, wakidhani ni ya kale mno kwa kuwa ilichimbwa mahali pasipo na miti. Vipimo vya kaboni vilivyofanywa katika karne hii, hasa kwa utomvu wa Madagaska unaouzwa ukiwa na wadudu ndani yake, vimeonyesha kwamba mwingi wake una umri wa miaka mamia au hata makumi, si mamilioni. Wauzaji wa mapambo waliouuza kama kaharabu hawakuipenda habari hiyo. Mteja mwenye shaka hana haja ya maabara: tone la spiriti huufanya utomvu mchanga unate kidoleni, ilhali kaharabu ya kweli haibadiliki.

Mwaka 2020 kundi la wataalamu wa visukuku, wakiongozwa na Mónica Solórzano-Kraemer, lilipendekeza mipaka mipya ya istilahi. Utomvu uliotoka mtini baada ya 1760 wauweke katika kundi lake la pekee, kwa kuwa ni wa enzi ambayo binadamu amekwisha kuivuruga misitu. Jina la kopali libaki kwa ule wa kabla ya hapo, kurudi nyuma hadi miaka milioni 2.58, na uliozidi umri huo uwe kaharabu. Makala yao yana hoja nzito, na sandarusi ya Afrika Mashariki na Madagaska ni miongoni mwa mifano yao mikuu. Wachimbaji wa Uzaramo walikuwa wameugawa utomvu huohuo katika chakazi na sandarusi, bila mwaka wa mpaka, kwa kuutazama ugumu wake, ngozi yake na kina cha shimo ulimotoka. Migawanyo hii miwili hailingani: kipande cha mwaka 1800 kilichokaa katika mchanga mwekundu kinaweza kuwa kimekomaa na kuota ngozi ya bata, nacho kwa mgawanyo wa wanasayansi kisistahili hata jina la kopali. Mzaramo angekiosha kwa magadi, angekitazama juani, na angekiuza kwa bei ya sandarusi.